Kumsifu mtu usiyempigia kura



Wiki mbili zilizopita nilipata barua kutoka kwa msomaji wetu aliyeko Muscat. Ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Anasema walikuwa wanakula na mumewe na shemeji zake, taarifa ya habari ya nyumbani ikiwa inasikika kwenye simu, na yeye akamsifu kiongozi wa chama ambacho nyumba yao haikipendi. Alichosema ni kwamba yule bwana anajibu maswali kwa utulivu. Basi. Hakusema atampigia kura, na hata angetaka asingeweza, maana sisi tulio nje hatupigi kura ya nyumbani. Mumewe akaweka kijiko chini akamuuliza, "Kwani umehama lini?" Shemeji mmoja akacheka, mwingine hakucheka. Tangu siku hiyo, kila akifungua mdomo juu ya siasa wanamwita "mheshimiwa wa upande wa pili".

Ananiuliza: "Dada, ni unafiki kumheshimu mtu ambaye siasa yake huikubali? Au ni mimi tu sijui ninachokiamini?"

Dada yangu, nimekaa na swali lako siku kadhaa kwa sababu limenigusa pabaya. Jibu langu fupi ni kwamba si unafiki. Jibu refu linanihusu mimi mwenyewe, na halinipendezi lote, lakini nitaliandika.

Kwanza niseme niliposimama, ili mtu asidhani najificha nyuma ya pazia. Nimezaliwa Kikwajuni, katika nyumba ambayo picha ya Mzee Karume ilining'inia sebuleni kabla mimi sijazaliwa, na ingalipo. Baba alikuwa Afro-Shirazi tangu ujana, na ASP na TANU zilipoungana mwaka 1977 akawa CCM siku ile ile. Mimi nimeufuata upande wake, wala si kwa kurithi tu. Dada yangu ameolewa Tanga. Binamu zangu nusu wamezaliwa Dar es Salaam. Naamini, pamoja na kasoro zake zote, Muungano wa serikali mbili unatulinda kuliko unavyotuumiza. Mtu akija na hoja za kuuvunjavunja namsikiliza, namjibu, na kwa kawaida tunamaliza chai kila mmoja akiwa pale pale alipoanzia.

Sasa mtu niliyempinga kuliko wote alikuwa Maalim Seif Sharif Hamad. Yeye alitaka Zanzibar yenye mamlaka kamili, na Muungano uwe wa mkataba. Aligombea urais wa Zanzibar mara 6, kuanzia 1995 hadi 2020, na mara zote 6 mimi niliomba dua ashindwe. Naandika hivi bila ya kuficha. Na mtu huyo huyo ndiye mwanasiasa ninayemheshimu kuliko wengi wa chama changu.

Ili mnielewe inabidi niwaingize nyumbani kwetu.

Mama yangu ni mtu wa Wete, Pemba. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Yeye alisoma skuli ya Fidel Castro kule Pemba wakati Seif Sharif alipokuwa akisomesha hapo. Vijana wengi wanadhani "Maalim" lilikuwa jina la heshima tu, kama watu wanavyoitana "mzee". Hapana, alikuwa mwalimu wa darasani kabla hajawa waziri. Mjomba alimfuata tangu wakati huo hadi alipoingia kaburini.

Kila likizo mjomba alikuja Unguja na mkoba wake, analala chumba cha uani, na jioni anatusomea vitabu sisi watoto. Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Alikuwa akisimama katikati ya ua, shuka begani, akaigeuza sauti kwa kila mhusika mpaka majirani wanachungulia. Baba alikuwa hamwachi. "Wewe," anamwambia, "si ndiye unayesema Mwalimu alitufunga kamba mwaka 1964? Leo unamsoma kama msahafu?"

Mjomba alikuwa na jibu moja, na alilitoa kila mara kana kwamba ni jipya: "Muungano ni Muungano, tafsiri ni tafsiri. Kwenye Muungano mimi namdai. Kwenye Kiswahili ananidai yeye."

Akiwa na raha zaidi huongeza kwamba mtu aliyeuacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, katika bara ambalo wenzake wengi walikuwa wanatolewa kwa bunduki au kwa jeneza, hata kama unamdai unamvulia kofia kwanza ndipo umdai. Nilikuwa mtoto, sikuona la ajabu. Nilidhani watu wazima wote ndivyo wanavyofanya, wanaweka vitabu viwili vya hesabu. Kumbe alikuwa anatufundisha kitu ambacho mimi nilikuja kukihitaji miaka mingi baadaye, na nilipokihitaji sikuwa nacho.

Ukaja Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viliporejeshwa. Matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar: Dk. Salmin Amour asilimia 50.2, Seif Sharif asilimia 49.8. Wale mliokuwapo mnakumbuka hali ilivyokuwa. Wale ambao hamkuwapo, chukueni familia zenu, zigaweni katikati kwa kisu, ndiyo mtakuwa mmekaribia. Watu walisusiana maduka. Walisusiana harusi na hata maziko, jambo ambalo mimi nilikuwa sijawahi kuliona visiwani kwetu, kwamba jirani afe na wewe ukae barazani unaangalia jeneza linapita. Wanawake walirudishwa kwao na wanawake waliondoka wenyewe.

Mjomba alikuwapo Unguja wiki ile. Yeye na baba walikaa barazani baada ya magharibi, wakaanza kama walivyozoea, kwa mzaha. Maneno yaliyosemwa baadaye siyaandiki. Alfajiri mjomba alichukua mkoba akateremka bandarini, hakungoja hata chai.

Hakuja tena kwa miaka 14.

Nimeolewa 1998 bila ya mjomba. Msomaji wa kwetu anajua maana yake. Mjomba si mgeni mwalikwa, ni nguzo ya shughuli, na nguzo ile ilikuwa haipo. Mama alishughulika jikoni siku tatu kama hakuna lililotokea. Usiku wa mwisho nilimkuta amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nazi imo mkononi, hakuni. Sikumuuliza kitu. Nilijua, naye alijua kuwa nimejua.

Mwaka 2000 nikaja Uingereza na mume wangu. Januari 2001 nilikuwa Northampton, mtoto wa kwanza ana miezi minne, niliposikia habari za Pemba. Watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano, na wengine kwa mamia wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Nilikuwa na kadi ya simu mkononi, ile ya kukwangua namba, na nilikaa nayo siku mbili. Namba ya mjomba nilikuwa naijua kwa moyo. Nilijiuliza nitamwambia nini. Nitasema pole? Pole ya nani, ya msichana wa chama kinachoongoza serikali? Mwisho kadi ile niliitumia kuzungumza na dada yangu Tanga.

Sasa ndipo aingie Maalim Seif. Miezi tisa baada ya mauaji yale, Oktoba 2001, chama chake CUF na CCM walitia saini Muafaka. Hebu fikirini. Ana watu wake wanaozika, wana hasira, wanataka lipizo, wanamwangalia yeye awape neno. Neno alilowapa likawa: tunakwenda kuzungumza. Mimi wakati ule nilisema, "Anatafuta cheo huyo." Nilikuwa na jibu la namna hiyo kwa kila alilolifanya. Akigoma, mkorofi. Akizungumza, mchu wa madaraka. Ukifika mahali mtu hana namna ya kufanya jambo likawa zuri machoni mwako, jua tatizo si yeye tena.

Muafaka ule haukumaliza kitu. Uchaguzi wa 2005 ukapita na malalamiko yale yale, na mazungumzo yaliyofuata yakakwama mwaka 2008. Hadi tarehe 5 Novemba 2009, Maalim Seif alipokwenda Ikulu ya Zanzibar akakaa na Rais Amani Abeid Karume, wao wawili. Huo ndio mwanzo wa Maridhiano. Siku chache baadaye akasimama mbele ya wafuasi wake akawaambia kwamba chama kinamtambua Karume kuwa rais, na wako miongoni mwao waliompigia kelele za kukataa. Watu wake mwenyewe, waliomlilia na kumfungia safari kutoka vijijini.

Hapo ndipo mimi nilianza kumtazama upya. Kumkemea adui ni kazi nyepesi, unapigiwa makofi. Kuwaambia watu wako kitu wasichotaka kusikia, ukasimama ukangoja kelele zao ziishe, hiyo ni kazi ya wachache. Nilijaribu kumkumbuka mtu wa upande wangu aliyewahi kufanya hivyo. Nilimpata Karume mwenyewe, kwa sababu naye alikuwa na watu wake wasiopenda meza ile. Zaidi ya hapo orodha yangu ilikuwa fupi.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Kikwajuni. Wiki ya pili ya Maridhiano, siku ya Ijumaa, mama anatoka chumbani anamkuta kaka yake amesimama mlangoni na mkoba ule ule, na pakacha la halua ya Wete. Hakupiga simu kabla. Baba alikuwa ndani anatawadha. Mjomba akabisha hodi kama mgeni, baba akatoka na maji bado yanamtiririka, wakaangaliana. Mjomba akasema, "Shemeji, ikiwa wao wamekaa, sisi tuna nini cha kusimamia?"

Wakaenda msikitini pamoja. Mama ndiye aliyenisimulia, kwa simu, na aliisimulia mara tatu mfululizo mpaka salio likaisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Maalim Seif amenifanyia nini mimi, mtu wa CCM, nna jibu. Yeye na Karume walimrudisha mjomba wangu nyumbani. Hawamjui na hawakujua. Lakini mjomba alikuwa mtu wa kufuata, na aliyemfuata alipoinama, naye akaweza kuinama bila ya kuona amejidhalilisha. Viongozi hawajui milango mingapi inafunguka au kufungwa kwa sababu ya namna wanavyosalimiana.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi ukafuata, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akapata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Asilimia moja! Na safari hii Maalim aliyakubali matokeo hadharani, akampongeza mshindi, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Sasa ndio sehemu isiyonipendeza. Usiku ule matokeo yalipotangazwa, mimi niliyekuwa nimekaa na kadi siku mbili mwaka 2001 nikishindwa kupiga simu ya pole, nilipiga simu Wete mara moja. Nilipiga kumtania mjomba, na mzaha wangu ulikuwa na sumu ndani yake. Nilisema, "Mjomba, mwaka huu pia?" Na nikacheka.

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Maalim ameshakubali, mwanangu. Mimi ni nani?" Akaniuliza watoto hawajambo, baridi imeanza, na kama mdogo ameshaacha kukohoa. Alikuwa anakumbuka kikohozi cha mwanangu.

Niliweka simu chini nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Nilijiahidi nitamwomba radhi nikienda nyumbani. Nilikwenda 2012, tukacheka, tukala, sikumwomba. Mwaka 2013 akafariki. Hitma yake ilisomwa na watu wa rangi zote za bendera, na baba ndiye aliyepokea wageni mlangoni.

Dada yangu wa Muscat, usinielewe vibaya, sikuhama. Na wala sikusudii kumfanya Maalim malaika. Mwaka 2015 uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016, chama chake kikasusia. Alikuwa na uchungu, na nna wenzangu ndani ya chama changu waliokiri kimyakimya kwamba uchungu ule ulikuwa na haki yake. Lakini Agosti mwaka ule, kwenye msiba wa Mzee Aboud Jumbe, Dk. Shein alimpa mkono na yeye akaukataa. Msibani! Mimi nilikasirika, na hadi leo naona alikosea. Visiwa vile vilikuwa vimeshasusiana vya kutosha. Unaweza kumheshimu mtu na ukabaki na orodha ya mambo aliyokosea, kama vile unavyompenda mumeo na orodha yake unayo.

Lakini mtu yule aliyekataa mkono wa 2016, Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliomuumiza na ambao chama chake, sasa ACT-Wazalendo, kilisema watu wake waliuawa, aliutoa mkono. Aliapishwa Makamu wa Kwanza chini ya Rais Hussein Mwinyi. Ana miaka 77. Alikwishaonja kuwa Waziri Kiongozi, alikwishaonja kufukuzwa CCM mwaka 1988, alikwishaonja mahabusu tangu 1989 hadi 1991. Hakuwa na kitu kipya cha kukionja. Angeweza kukaa kwake akawaachia wengine.

Na jambo la mwisho kabisa alilolifanya ndilo lililonimaliza. Mnakumbuka hali ya mwanzo wa 2021. Sisi huku Uingereza tumefungiwa ndani, tunazika watu kwa kamera. Nyumbani inasemwa rasmi kwamba maradhi hayapo. Mwisho wa Januari chama cha Maalim kikatangaza wazi kwamba yeye na mkewe wamepimwa na wana korona. Hakuificha chini ya "homa" wala "kifua". Sijui maisha mangapi yaliokoka kwa sababu mtu wa cheo kile alikubali litajwe jina la ugonjwa. Tarehe 17 Februari akafariki Muhimbili, na siku ya pili yake akazikwa kwao Mtambwe, Pemba.

Niliyatazama maziko kwenye simu, nimesimama jikoni. Binti yangu, yule aliyekuwa akikohoa mwaka 2010, akaingia akanikuta nalia. "Mama, si ulikuwa humpendi huyu?" Nikamwambia nilikuwa simpigii kura. "Kwani si kitu kimoja?" Nikaona, basi, nimelea mtoto miaka yote hiyo sikumfundisha kile mjomba alichotufundisha uani kwa shuka na kitabu.

Jioni nilimpigia baba. Naye alikuwa ametazama. Mzee wangu hana maneno mengi. Alisema, "Nimempinga miaka thelathini. Leo sina wa kumpinga." Kisha akasema anataka kulala.

Sasa nirudi kwenye swali. Kuna mtu atasema, dada, ni rahisi kumsifu mpinzani akishakufa. Kweli kabisa. Marehemu hatugombei naye jimbo. Hapa Uingereza nimeyaona hayo hayo. Jo Cox, mbunge wa Labour, alipouawa Juni 2016, chama cha Conservative na vyama vingine vikubwa havikuweka wagombea katika jimbo lake. David Amess wa Conservative alipouawa Oktoba 2021, Labour nao walifanya vivyo hivyo kwake. Ni uungwana, na ulinigusa. Lakini nilijiuliza kwa nini uungwana ungoje jeneza. Kwa Maalim mimi mwenyewe nilingoja jeneza. Kwa mjomba nilingoja mpaka likapita.

Ndiyo maana nasema wewe umefanya vizuri kuliko mimi. Umemsifu mtu aliye hai, tena mezani, mbele ya watu wenye haki ya kukununia.

Mipaka ipo, na tuiseme. Sisemi tumsifu kila mwenye sauti tamu. Mtu anayewachochea watu wapigane, anayetukana watu kwa asili yao au kisiwa chao, anayefurahia mwenzake akiteswa, huyo utulivu wake wa kujibu maswali haumsaidii kitu kwangu. Kipimo changu ni kidogo na nimekichukua kwa mjomba: huyu mtu anawaona wanaompinga ni watu? Akishindwa, atakaa meza moja nao? Akishinda, atawawekea kiti? Mwenye kupita hapo, nampinga kwa nguvu zangu zote na namheshimu kwa moyo mmoja, na hakuna kinachopungua katika ninachokiamini. Bali kinapata nguvu. Imani ambayo inaogopa kuona uzuri wa mtu wa pili, hiyo imeshaingia shaka bila ya mwenyewe kujua.

Na sisi wa ughaibuni tuna sababu ya ziada. Kura hatuna, lakini makundi ya WhatsApp tunayo, na humo ndani tunapigana kuliko waliobaki nyumbani. Wao kesho watakutana sokoni, watalazimika kusalimiana. Sisi tunabonyeza tu, mtu anatolewa kwenye kundi, na miaka 14 inaanza kuhesabiwa upya. Watoto wetu wanatuangalia. Hawajui serikali mbili wala tatu, wanachokiona ni kwamba baba mdogo haji tena Idd na hakuna anayesema kwa nini.

Nyumbani kwangu nimeanzisha kanuni. Kabla ya mjadala wa siasa kila mtu anamtaja mtu wa upande asioupenda na jambo moja zuri alilolifanya, tena la kweli. Siku ya kwanza mume wangu alifikiri sana akasema, "Yule anavaa vizuri." Tulicheka, lakini hatukumkubalia. Wiki iliyofuata alikuja na la maana. Binti yangu aliniuliza kuhusu Maalim, nikamwambia yote haya niliyowaandikia, na ile simu pia. Hilo la simu lilikuwa gumu zaidi.

Mjaribu mumeo na kanuni hii, dada. Akikuuliza tena umehama lini, mwambie hukuhama, umefungua dirisha tu. Akikasirika, mpe halua kwanza. Muscat halua haikosekani, ingawa ya Wete ni nyingine.

Na nyinyi wasomaji wangu, niandikieni. Ni nani wa upande wa pili mnayemheshimu? Na kuna mtu wa upande huo, ndugu au rafiki, ambaye bado yuko hai na hamjamwambia?

Panapo majaaliwa, tukutane toleo lijalo.